Trekta ya betri kwenye ekari sita za Minnesota

Mdogo wangu wa Kitale amenitumia tena ujumbe wa sauti: "Dada, hiyo trekta yako ya stima, mtu akiileta huku itafanya kazi?" Nimekuwa nikimjibu vipande vipande kwa miaka miwili. Leo naandika yote, maana hata Wakenya wenzangu wa hapa walionunua vishamba nje ya mji wananiuliza hilohilo.

Mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku. Tuna ekari 6 kaskazini mwa Minneapolis, mbuzi 19, na kipande cha managu, terere na sukuma ninachouzia watu wa nyumbani. Trekta yenyewe ni ndogo: hp 24 (nguvu za farasi), betri ya kWh 20 (yaani inaweza kutoa kilowati moja kwa saa 20), ndoo ya kuchotea mbele, PTO nyuma, ule mhimili unaozungusha vifaa vinavyofungwa kwenye trekta. Tuliinunua ikiwa imetumika kidogo.

Sifa inazo. Narudi kazini saa mbili asubuhi, naiwasha, hakuna ngurumo wala moshi. Banda letu lina paa la chini. Ukiingiza dizeli humo macho yanawasha na mbuzi wanatawanyika. Hii naingia nayo mpaka ndani nikachota samadi, na kuna beberu mmoja asiye na adabu ambaye siku hizi analala mbele ya gurudumu mpaka nishuke nimfukuze. Kazi zangu nyingi ni za namna hiyo: chota, shuka, fungua lango, panda tena. Ukisimama, betri hailiwi. Kwa mwendo huo chaji moja inanipa saa tano za kazi, na mara nyingi inapita siku tatu sijagusa waya.

Kulima ni habari nyingine. Mei, udongo ukishakauka, nafunga rotaveta, kifaa cha visu vinavyozunguka kutifua udongo, na hapo chaji inaporomoka ukiiangalia. Udongo wetu mzito unaitaka trekta itoe karibu kW 15 mfululizo. Gawanya mwenyewe zile kWh 20 kwa 15, ni saa moja na ushee. Mwaka wa kwanza ilifika asilimia 8 nikiwa katikati ya shamba, ikajipunguzia mwendo, nikatambaa nayo kuelekea gereji. Jirani yangu, mzee wa miaka themanini mwenye trekta ya Ford ya dizeli ya miaka ya 70, alikuwa ameegemea ua ananitazama. Akaniuliza kama waya wangu umefika mwisho. Kisha akaja akamaliza kipande kilichobaki kwa dakika arobaini.

Soketi ya kawaida ya hapa, ya volti 120, inachukua zaidi ya saa 14 kuijaza. Tulimlipa fundi atufungie ya volti 240, kama ya mashine ya kukaushia nguo, ikashuka hadi saa saba. Gharama hiyo muuzaji hakuitaja.

Halafu baridi. Januari huku nyuzi 25 chini ya sifuri si ajabu, na betri hii ni ya lithiamu, aina isiyotakiwa kuchajiwa ikiwa imeganda. Nilitoka asubuhi niondoe theluji njiani, nikakuta taa nyekundu inapepesa na chaji iko palepale ilipokuwa jana. Fundi wa kampuni alifika baada ya wiki tano, akanisomea kijitabu nilichokuwa nacho mezani. Sasa inalala kwenye gereji yenye hita, na hita nayo inakula stima.

Tuje kwenye pesa. Chaji kamili inanigharimu kama dola 3. Injini ya dizeli hugeuza takriban theluthi tu ya mafuta kuwa kazi, kwa hiyo kazi ileile ingekula kama lita 6, tuseme dola 6. Nachaji mara 60 hivi kwa mwaka: nimeokoa dola 180, pamoja na oili na filta nisizonunua. Nililipa dola 7,000 zaidi ya bei ya dizeli ya ukubwa huo. Anayesema inajilipa yenyewe awangoje wajukuu. Mimi nilinunua mapafu, masikio na usingizi wa majirani, na sijutii.

Lakini wewe wa Kitale, trekta yako ya Massey Machi inalima mashamba ya watu tangu alfajiri mpaka usiku, na dereva anabeba jerikeni. Yangu ingekaa kando ya shamba la mtu ikingoja nguzo ya stima iliyo kilomita mbili. Hata Fendt ya Kijerumani, e107 yenye betri ya kWh 100, mara tano ya hii yangu, watengenezaji wake wanaitajia saa nne hadi saba, tena za kazi isiyoivuta kwa nguvu zote. Ukitaka kitu cha stima, anza na mashine ya kukatia napia pale zizini, ambako soketi ipo na hakuna anayekungoja na mvua kichwani.

Mimi Mei hii nimeshapatana na mzee wa Ford: kulima kwake ni kwa mafungu mawili ya sukuma na paja la mbuzi. Samadi nitaibeba mwenyewe.