Kigari cha Watoto Wawili kwa Miji ya Milimani: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Kwa mtoto mmoja, mbeleko bado haijapata mshindani, na mama wa Mbeya au Iringa mwenye kichanga mgongoni hana sababu kubwa ya kutafuta kigari. Shida huanza wanapozaliwa mapacha, au mdogo anapofika kabla mkubwa hajaweza kutembea hadi sokoni bila kudai abebwe: mmoja yuko mgongoni amelala, mwingine ameketi katikati ya njia akigoma, na mkononi kuna mfuko wa nyanya zinazopondeka. Hapo ndipo watu huanza kuulizia kigari cha watoto wawili, na karibu wote hutanguliza sharti moja, kwamba kiwe chepesi.

Sharti hilo ni la haki, ila lina pande mbili zinazochanganywa. Kuna wepesi wa kunyanyua na kuna wepesi wa kusukuma. Chukua mtoto wa miaka miwili na nusu mwenye kilo 13, mdogo wake mwenye kilo 8, na mzigo wa kilo 3 kwenye kapu la chini. Hizo ni kilo 24 kabla hujahesabu chuma chenyewe. Kigari cha kilo 10 kitakupa jumla ya kilo 34, na cha kilo 16 kitakupa kilo 40. Ukipanda nacho kutoka Ipogolo kuelekea Iringa mjini utaihisi tofauti hiyo, lakini utayahisi zaidi magurudumu, kwa sababu gurudumu dogo lenye kipenyo cha sentimita 13 au 15 hutumbukia katika kila kishimo ambacho gurudumu la sentimita 20 na zaidi hukivuka. Uzito wa kigari chenyewe huwa na usemi wa mwisho pale unapokinyanyua kitupu kukiingiza nyuma ya kiti cha bajaji au katika buti la basi, huku mtoto mmoja ukiwa umemkamata kwa mkono mwingine. Kwa hiyo jiulize kwanza kama siku yako ina kunyanyua kwingi au kusukuma kwingi, maana upangaji unaofuata hapa unamlenga mtu anayefanya yote mawili, ambaye ndiye mkazi wa kawaida wa miji yetu.

Nafasi ya kwanza naipa kigari cha viti viwili vya ubavu kwa ubavu chenye uzito wa kati ya kilo 9 na 12, fremu ya alumini, na mpini mmoja ulionyooka kutoka upande hadi upande. Watoto wote wawili wanaona mbele, hakuna anayempiga mwenzake teke la kisogo, na kila kiti huegemezwa kivyake, hivyo mmoja anaweza kulala wakati mwingine anashangaa pikipiki. Mpini mmoja ndio unaotenganisha kigari kizuri na kibaya katika kundi hili, kwani unakuwezesha kukiongoza kwa mkono mmoja unapolipa nauli au kupokea simu. Kasoro yake ni upana. Vingi vina sentimita 74 hadi 78, na njia za ndani ya soko la Mwanjelwa, Mbeya, hazikupimwa kwa ajili hiyo. Kabla ya kununua, chukua tepu ya mshonaji upime mlango wako wa mbele na geti la nondo la duka unalolitumia kila siku, na upime nafasi halisi ya kupita, si fremu kwa nje kama mafundi wengi wanavyotaja. Kasoro nyingine haisemwi na wauzaji: mtoto mmoja akiwa mzito kuliko mwenzake, kigari huvutwa upande wake, na pale barabara ilipolala kuelekea mtaroni mvuto huo huongezeka. Dawa ni kumkalisha mzito upande wa juu, yaani ulio mbali na mtaro.

Nafasi ya pili pengine itawashangaza wengi, kwa kuwa si kigari cha wawili hata kidogo. Ni kigari imara cha mtoto mmoja kilichofungwa ubao wa kusimamia nyuma, wenye magurudumu yake madogo, ambapo mkubwa husimama akishika fremu. Ikiwa mkubwa amefikisha miaka mitatu hivi na anasikia anapoambiwa ashike, chaguo hili ni jepesi, ni jembamba, linapita kila mlango, na baada ya mwaka mmoja unang'oa ubao na kubaki na kigari cha kawaida. Nimelishusha hadi nafasi ya pili kwa sababu moja tu: mtoto aliyesimama hawezi kulala, na mtoto wa Kitanzania aliyeamshwa saa kumi na mbili kwenda kliniki atalala njiani wakati wa kurudi, upende usipende.

Cha tatu ni kigari cha mbele na nyuma, ambapo viti vimefuatana kama abiria wa pikipiki. Upana wake ni kama wa kigari cha mtoto mmoja, jambo linalokifaa sana kwenye korido za zahanati na njia za soko. Hata hivyo ni kirefu, na ili kuvuka ukingo wa barabara au daraja la mbao juu ya mtaro ni lazima ukandamize mpini kwa nguvu ili kuinua pua, huku uzito wote wa mtoto wa mbele ukikupinga. Vingi pia vinazidi kilo 13. Kwa anayeishi katika mtaa wa lami na tambarare ningekipandisha. Kwa mitaa ya miteremko hapana.

Nafasi ya nne ni ya kigari cha magurudumu matatu makubwa ya upepo, ambacho watu wa Ulaya na Marekani hukimbia nacho mazoezini. Kwenye changarawe na matope ya masika hakina mpinzani, na ningekiweka juu kabisa kama siyo uzito wake, unaoweza kufika kilo 15 na kuendelea, na ukubwa wake hata kikikunjwa. Mwenye gari la kwake na anayeishi nje ya lami, tuseme pembezoni mwa Uyole au Njombe, asome aya hii kama nafasi ya kwanza. Pancha isimtishe. Matairi ya vigari vingi vya aina hii ni ya inchi 12 au 16, vipimo vinavyotumika pia kwenye baiskeli ndogo za watoto, kwa hiyo fundi baiskeli anaweza kuziba au kukupatia mpira wa ndani.

Cha mwisho ni kile cha kukunjwa kama mwamvuli, chenye mipini miwili au mitatu iliyopinda na magurudumu mengi madogo ya jozi. Fikra yake ya asili ni nzuri mno: mhandisi wa ndege Mwingereza, Owen Maclaren, aliyeshughulikia magurudumu ya kutua ya ndege za kivita za Spitfire, alibuni mwaka 1965 kigari cha alumini kilichokunjika kama mwamvuli, akimfikiria mjukuu wake na safari za ndege. Lakini kilibuniwa kwa sakafu laini. Nilinunua cha mapacha cha aina hiyo kwa kuvutiwa na wepesi wake, na mvua za kwanza za Novemba zilinionyesha: udongo ulijaa katikati ya magurudumu ya jozi hadi yakaacha kuzunguka, nikawa nakiburuta kama jembe la ng'ombe. Kinamfaa msafiri, au anayekitumia ndani ya nyumba na uani penye saruji.

Vigari vingi vinavyopatikana huku ni mitumba, na hicho si kikwazo kama utavijaribu kwa vitendo. Omba madumu mawili ya maji, moja la lita 10 na jingine la lita 5, yafunge vitini kwa mikanda, kisha sukuma kigari palipo na mwinuko. Kila lita ni kilo moja, kwa hiyo umeketisha watoto wawili wasiolingana uzito. Kisha geuza kishuke, kanyaga breki, achia mkono huku mguu ukiwa tayari mbele ya gurudumu, na uhesabu polepole hadi thelathini. Kikisogea hata kidogo, rudisha. Baada ya hapo kilaze chali uzungushe kila gurudumu kwa kidole. Sauti ya kukwaruza mara nyingi ni nywele na nyuzi zilizojiviringisha kwenye ekseli, ambazo hutolewa kwa wembe, lakini gurudumu linaloyumba kushoto na kulia limekula tundu lake, na kipuri hicho hutakipata kirahisi.

Mikanda iwe ya ncha tano, yaani mabegani, kiunoni na katikati ya miguu, kwa sababu kwenye mteremko mkanda wa kiuno pekee humwacha mtoto ateleze mbele. Tazama pia bawaba za kukunjia. Mwaka 2009 kampuni ya Maclaren iliwaitisha wateja wa Marekani wenye vigari vyake takriban milioni moja ili wapewe vifuniko vya bawaba, baada ya taarifa za watoto 12 kukatwa ncha za vidole vigari vilipokuwa vikifunguliwa. Vigari vya kuanzia miaka hiyo kurudi nyuma bado huonekana kwenye mitumba, na bawaba iliyo wazi hufunikwa kwa kitambaa kinene kabla ya siku ya kwanza ya matumizi.

Kibandiko cha fremu kikitaja EN 1888, hicho ni kipimo cha usalama cha Ulaya. Katika toleo la 2018 sehemu ya kwanza inahusu vigari vya watoto hadi kilo 15, na ya pili huendelea hadi kilo 22. Usikisie uzito wa wanao, umeandikwa kwenye kadi ya kliniki. Kichanga kisichoweza kushika shingo kinahitaji kiti kinacholala karibu tambarare, na vigari vingi vyepesi havilali kiasi hicho, hivyo kwa miezi sita ya mwanzo mdogo abaki mgongoni na mkubwa apande peke yake. Kwa baridi ya Juni na Julai, blanketi lifunike miguu na kifua bila kutandazwa juu ya kigari kizima, na nailoni ya mvua iwe na matundu ya hewa pande zote mbili.