Rivyu: duka la dawa za miti shamba Mji wa Kale, kwa wenye wasiwasi na wasiolala

Watu wa Mombasa mnaouliza kila siku wapi mtu apate dawa za miti shamba za stresi bila kuibiwa, hii nawaandikia nyinyi. Kuna duka moja Mji wa Kale, ukitoka Marikiti ukishika vichochoro vya kuelekea Ndia Kuu, halina kibao wala jina, ukiuliza kwa mzee wa dawa za kisuna utaonyeshwa na mtoto yeyote. Nimenunua kwake kwa muda sasa na nimenunua kwengine pia, za mitandaoni zile, kwa hivyo nina cha kulinganisha. Nampa nyota nne kati ya tano, hio moja ilikoenda nitaeleza.

Kazi yangu ni ya kutoa mizigo bandarini. Anayeijua hio kazi anajua kontena ikikwama siku za bure zikaisha storeji, yaani ada ya kuiweka bandarini, inaanza kuhesabu, mteja anapiga simu usiku, bosi anapiga asubuhi, na wewe ndo uko katikati. Ikafika mahali nalala saa tano, saa nane niko macho, moyo wanienda mbio bila sababu, kifua kimebana, na mawazo ni yale yale yanajirudia mpaka adhana ya alfajiri. Mchana sina hamu ya kula. Shangazi yangu ndo akaniambia niende kwa huyo mzee.

Sasa kitu cha kwanza kilichonipendeza, na ndo sababu kubwa ya kuandika hii rivyu, ni kwamba hakuniuzia kitu mpaka aliponiuliza maswali yake yote. Nilifika na orodha yangu kwenye simu nimeshaisoma, naye akaweka mkono juu ya mizani akaniambia, "Mwanangu, ngoja kwanza. Watumia dawa yoyote ya hospitali? Una mimba? Wanyonyesha? Presha wajipima? Kahawa wanywa vikombe vingapi?" Akaniuliza mpaka muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa. Nikamwambia sitafuni, akasema auliza kila mtu manake wateja wake wengi wanaolalamika hawalali wako na muguka mfukoni, na hio ni stimulanti, inakesha mwili na kupandisha moyo, halafu mtu anataka majani ya kumtuliza juu yake. Mwaikumbuka ile kelele ya Mei 2024 kaunti ilipopiga marufuku muguka na mahakama ikasimamisha amri, basi yeye hakuzungumza siasa, alisema tu hakuna jani lake litakaloshindana na muguka wa jioni. Na kahawa tungu baada ya alasiri akaniambia niache. Ushauri huo haumletei ata shilingi.

Nikiwa pale nimesimama akaja mama mmoja anataka kungumanga, mtoto wake mchanga halali, ataka amsagie kidogo kwenye maziwa. Hii ni mila ya Pwani, wengi wetu tumelelewa hivyo. Mzee akakataa. Akamwambia kwa upole kabisa, "Mamangu, kungumanga kwenye pilau sawa, kwa mtoto mdogo sikuuzii." Akamweleza kwamba ikizidi ni sumu, ata kwa mtu mzima, inaleta kutapika, moyo kwenda mbio, mtu kuona vitu visivyokuwepo, na kwa mtoto huwezi kujua imezidi saa ngapi. Akamwambia ampeleke kliniki waangalie kama ana homa au masikio. Yule mama aliondoka mikono mitupu, ila hakuondoka na hasira. Mimi hapo ndo nikajua niko duka la sawa.

Na mimi nikakataliwa. Nilikwenda nimeshikilia ashwagandha kwa sababu TikTok yote ni ashwagandha. Ni mzizi unaotumika sana kwenye tiba za Kihindi, ata Kenya mmea wenyewe unaota porini, na kuna tafiti kadhaa ndogo zimeonyesha inapunguza stresi kwa watu waliotumia wiki kama 8 hivi. Hio yote mzee aijua. Lakini akaniambia mwenye shida ya tezi ya shingo asiiguse, mja mzito pia, na kuna watu ini limewadhuru. Nilipofika nyumbani nikasoma, kweli, Denmark waliipiga marufuku 2023. Anayo dukani, ameiweka rafu ya juu, ila kwa mtu anayekuja mara ya kwanza hajapimwa chochote haitoi. Akasema tuanze na nyepesi.

Nyepesi zenyewe ni hizi. Kamomaili, wengine mwaijua kama babunaji, maua makavu, gramu 50 shilingi 200. Ukifungua karatasi unasikia harufu kama ya tofaa, na maua yenyewe ni mazima, kati njano pembeni meupe, si ule unga unga wa majani ya chai unaojaa kwenye vile vipakiti vya supamaketi. Vijiko viwili vya chai kwenye kikombe, maji yaliyochemka, halafu ufunike na kisahani dakika 10. Hapo kwenye kufunika alinisisitizia sana, manake mafuta yenye kazi ndo yanapanda na mvuke, ukiacha wazi unanusisha jikoni dawa yako. Anayetumia warfarin ya kulainisha damu asinywe bila kumuuliza daktari, na ambaye maua ya jamii hio yanamletea aleji asijaribu.

Unga wa talbina, huu wa shayiri, nusu kilo 300. Waislamu tunaijua kwenye hadithi ya Bi Aisha, Allah amridhie, chakula cha kupewa mgonjwa na aliyefiwa. Vijiko viwili vya unga, kikombe cha maji, moto mdogo, unakoroga mpaka uwe uji, unaweka maziwa na asali kidogo, mwenye sukari aiache asali. Mimi naona faida yake ni kwamba nilikuwa silali na tumbo tupu tena, na mtu ambaye hajala siku nzima moyo waweza kumuenda mbio. Akanipa pia mrihani mkavu wa shilingi 100, ila huo nimeutumia kidogo tu, naupenda zaidi ule mbichi wa Marikiti, na mchaichai ninao nyumbani kwenye ndoo.

Zafarani ndo ilinifunza kitu. Imefanyiwa utafiti kwa watu wenye huzuni ya wastani, ila bei yake ndo inavutia matapeli. Mzee auza gramu moja 600, na kabla hajakupimia anachukua vikombe viwili vya maji baridi, kimoja anatia nyuzi zake, kingine anatia za bei rahisi ambazo amenunua mahali azitumie kuonyesha watu. Zile za bandia maji yakageuka mekundu papo hapo, na uzi ukabaki mweupe umechuja kama karatasi. Zake, zikakaa. Tukaongea, nikalipa vitu vyengine, nikageuka nikaona maji yameanza kuwa ya dhahabu pole pole na uzi bado mwekundu vile vile. Sikununua siku hio, 600 ni pesa, lakini sasa popote nikienda najua kupima.

Ilinisaidia? Usingizi ndio. Si usiku wa kwanza, ila baada ya wiki chache nikaanza kulala mapema na nikishtuka saa nane naweza kurudi. Sehemu ya hio naamini ni kamomaili na sehemu ni ile kuacha kahawa na kuweka simu mbali nikiwa nasubiri kikombe kipoe. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania kule Marekani ulitoka 2016, watu wenye wasiwasi mkubwa walipewa vidonge vya kamomaili miligramu 1500 kwa siku na dalili zikapungua, lakini ilipoangaliwa kama inazuia wasiwasi usirudi, tofauti na wale waliopewa vidonge vitupu visivyo na dawa haikuwa ya kutosha kutegemewa. Na hio ni dawa iliyokamuliwa na kupimwa, chai ya kikombe ni nyepesi kuliko hapo. Kwa hivyo mtu asije akawaambia kamomaili inaponya wasiwasi. Inatuliza jioni.

Kifua kubana mchana hakikuisha. Na hapa nampa mzee heshima yake, manake ni yeye mwenyewe nilipokwenda kuongeza maua aliniambia, "Hii ni ya kukutuliza, si ya kukutibu. Kama moyo bado waenda mbio, nenda Makadara wakupime." Nikaenda hio hospitali ya Makadara, wakachukua damu, wakaangalia tezi na upungufu wa damu kwa sababu zote mbili zinaweza kukupa dalili kama za wasiwasi kabisa, moyo mbio, jasho, mikono kutetemeka. Zikatoka sawa. Nikaambiwa ni wasiwasi uliozidi, nikaanza kuonana na mshauri nasaha, na walahi kuongea na mtu aliyesomea kumenisaidia kile kifua kuliko kitu chengine chochote nilichotia mdomoni. Chai bado naendelea nayo, daktari anajua.

Sasa za mitandaoni. Kabla ya duka hili niliwahi kuagiza chupa ya vidonge kwa muuzaji mmoja, 3,500, imeandikwa inatoa stresi, presha, sukari, nguvu za kiume, uzazi na majini, vyote chupa moja. Hakuna orodha ya vilivyomo, hakuna tarehe ya kuisha. Nilipomuuliza ndani mna nini akajibu ni siri ya familia. Nilikuwa nikimeza usiku naamka nimelewa usingizi mpaka saa sita mchana, mezani naona namba za kontena zinacheza. Mfamasia wa mtaani kwetu aliniambia niache mara moja, kwa sababu nchi nyingi zimeshakamata dawa zinazouzwa kama za miti kumbe zimechanganywa na dawa kali za hospitali. Jamani, hapa Kenya dawa ya miti iliyofungwa kama vidonge au sirapu inafaa iwe imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Kama chupa haina namba ya usajili, rudisha, ata kama anayeuza ni binamu yako.

Siku nyengine alikuja kijana na picha ya St John's wort, mmea wa Ulaya watu wanaoutumia kwa huzuni, anataka aagiziwe. Mzee akamuuliza anatumia nini, yule kijana akasema ni ya dada yake. Basi akamwambia rudi ukamuulize dadako kama ameza vidonge vya uzazi wa mpango, ARV, dawa za kulainisha damu au dawa za huzuni za hospitali, kwa sababu mmea huo unalifanya ini litoe zile dawa mwilini haraka mpaka zinakosa nguvu, na ukichanganya na za huzuni waweza kumletea hatari nyengine kabisa. Mtu aweza kushika mimba na vidonge anameza kila siku. Nimeenda famasia zenye viyoyozi na sijawahi kuulizwa hivyo.

Nyota iliyopotea ni hii. Kila kitu kinafungwa kwenye karatasi ya kaki na kuandikwa kwa kalamu, jina tu. Hakuna tarehe ya kuvunwa, hakuna ilipotoka, hakuna kipimo cha kunywa, yote unaambiwa kwa mdomo na ukifika nyumbani nusu umesahau. Nilipokwenda hospitali daktari akaniomba nimletee pakiti aone natumia nini, na nilichokuwa nacho ni karatasi yenye neno moja. Alinielewa kwa sababu nilimweleza, je bibi wa miaka sabini atamweleza vipi? Nimemwambia mzee akacheka kidogo akasema atafikiria. Pia hapokei M-Pesa, pesa mkononi tu, na duka ni dogo, wakiwa watu watatu joto halivumiliki.

Mkienda, nendeni asubuhi kabla ya adhuhuri, Ijumaa mchana anafunga kwenda msikitini na saa nyengine harudi mpaka alasiri. Gari msilete, hakuna pa kuegesha, shukeni Marikiti mtembee. Bebeni majina ya dawa zenu za hospitali, au vidonge vyenyewe, atawauliza. Na mwenye hali mbaya zaidi ya kukosa usingizi, anayewaza kujidhuru, asipitie huko kabisa, apige 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure, au apelekwe hospitali usiku huo huo.

Mimi narudi mwezi ujao kuchukua maua mengine. Nikikuta ameanza kuweka tarehe kwenye pakiti nitakuja hapa kuongeza ile nyota.