Firefox kwenye Linux: uichukue kwenye ghala lipi?

Kwenye Linux hulipii kivinjari hata shilingi moja, ila bado unachagua duka, yaani ghala la programu la mtandaoni: anayekupa programu leo ndiye atakayekuletea masasisho mwezi ujao. Kwa kivinjari jambo hili ni zito zaidi, maana kutwa nzima kinapokea vitu kutoka kwa watu usiowajua. Nimepanga njia za kupata Firefox kwa kuangalia mambo mawili: nani ametia sahihi ya kidijitali kuthibitisha kuwa kifurushi ni chake, na bando litaliwa kiasi gani.

Nafasi ya kwanza naipa ghala la Mozilla wenyewe, packages.mozilla.org. Tangu Januari 2024, lilipotoka toleo la 122, watumiaji wa Debian, Ubuntu na Mint, ambazo ni aina za Linux, wanapata Firefox ya kawaida kwa apt (kisakinishi cha programu cha mifumo hiyo), moja kwa moja kutoka kwa waundaji. Unaweka ufunguo wao wa kukagulia sahihi ndani ya /etc/apt/keyrings, unaongeza anwani ya ghala, basi. Ghala ambalo sahihi yake hailingani na ufunguo huo, apt hulikataa. Kwenye Ubuntu kuna kikwazo ambacho maelekezo mengi hukiruka. Kifurushi cha firefox kilichomo kwenye ghala la Ubuntu kimepewa namba ya toleo inayoanza na 1:, kwa hiyo apt hukiona kipya kuliko chochote cha Mozilla, na unajikuta umerudishiwa snap, aina ya kifurushi ya Ubuntu wenyewe. Andika faili ndani ya /etc/apt/preferences.d linalolipa packages.mozilla.org kipaumbele 1000, ndipo usakinishe.

Ya pili ni ghala la mfumo wako. Debian wana firefox-esr, ambayo sura yake hubadilika takriban mara moja kwa mwaka huku viraka vya usalama vikiendelea kuja. Kwa kompyuta za shule au ofisi ningeipa hii nafasi ya kwanza bila kusita. Mint nao hutoa kifurushi chao cha kawaida.

Flatpak, aina ya kifurushi inayofanya kazi kwenye Linux nyingi, kutoka ghala la Flathub naiweka ya tatu. Mozilla ndio wanaoipakia na imefungiwa ndani ya uzio wake, jambo jema. Ila ukiwa huna programu nyingine ya Flatpak, mara ya kwanza itavuta maktaba zake za msingi, megabaiti mamia. Mwenye intaneti isiyo na kikomo hatajali. Wa bando la siku ataumia.

Snap ndiyo unayopewa Ubuntu tangu toleo la 22.04. Ni salama, lakini hutafuta masasisho yenyewe mara nne kwa siku. Ukiwa unatumia intaneti ya simu, amri ya sudo snap refresh --hold huyasimamisha. Usisahau kuyaruhusu tena ukifika penye Wi-Fi.

Mwisho kabisa ni vifurushi vinavyopakiwa na yeyote. Julai 2025, kwenye AUR, ghala la watumiaji wa Arch (aina nyingine ya Linux), vilikutwa vifurushi vitatu vilivyojiita maboresho ya vivinjari, kimojawapo firefox-patch-bin, ndani yake mkiwa na programu ya kumpa mtu wa mbali udhibiti wa kompyuta yako. Viliondolewa, lakini mlango wa kupakia haujafungwa. Soma PKGBUILD nzima, yaani faili la maelekezo ya kuunda kifurushi, au achana navyo.

Kuhusu programu-jalizi: Flash ilizikwa na Adobe tarehe 31 Desemba 2020, na ukurasa wowote unaokutaka uisakinishe leo ufunge. Viendelezi vichukue addons.mozilla.org. Msimamizi wa maabara ya Debian anaweza kusakinisha webext-ublock-origin-firefox, kiendelezi cha kuzuia matangazo, kwa apt, watumiaji wote wakaipata kwa mpigo. Video za Netflix zikigoma, ruhusu DRM (ulinzi wa hakimiliki) kwenye mipangilio; Firefox itajipakulia yenyewe Widevine, programu ya kufungua video hizo.

Ukihama kutoka snap kwenda ghala la Mozilla, nakili kwanza folda ya ~/snap/firefox/common/.mozilla. Alamisho na nywila zako zimo humo, na Firefox mpya haitazitafuta hapo.