Hita ya maji ya gesi ya lita 6, Kabale: hita yenyewe na mafundi walioifunga

Kabale, mji wa kusini magharibi mwa Uganda, iko kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 10. Kwa nyumba ya huku, hita ya gesi ya lita 6 kwa dakika inatosha bafu moja. Moja tu. Mtu akifungua bomba la jikoni wakati mwenzake anaoga, maji yanapungua kuliko hita inavyotaka, moto unazimika, na aliye bafuni anabaki na sabuni mwilini. Naipa nyota nne kati ya tano, na nyota iliyokosekana ni ya huduma ya ufungaji.

Wengi huuliza kwanza inakula gesi kiasi gani. Hita ya kilowati 12 ikiwaka kwa nguvu zote hula karibu kilo moja kwa saa. Kuoga dakika 10 ni kama gramu 160, kwa hiyo mtungi wa kilo 13 unatosha kuoga mara 80 hivi, ikiwa jiko halichoti humo humo. Tangi la umeme la lita 50 lenye waya wa kilowati 1.5 huhitaji saa moja na nusu kupandisha maji kwa nyuzi 40. Umeme ukikatika katikati, basi tena. Hita hii inawasha cheche kwa betri mbili kubwa za tochi.

Mtungi wa kilo 6 usiufunge hapa. Ndani ya mtungi gesi ni kimiminika, na inapogeuka mvuke huchukua joto kutoka kwenye chuma cha mtungi. Mtungi mdogo hupoa upesi, unatoa jasho kwa nje, presha inashuka, na maji yanakuwa vuguvugu ingawa gesi bado imo. Usiumwagie maji ya moto wala kuusogezea sigiri. Badilisha ukubwa wa mtungi.

Sasa mafundi. Kilichonipendeza ni kwamba walikuja na mrija mwembamba wa plastiki uliokunjwa umbo la U, nusu yake maji. Ndicho kipimo cha kweli cha presha ya gesi ya nyumbani: regulata (kile kifaa cha kupunguza presha ya mtungi) ya milibari 30 huachanisha maji ya pande mbili kwa sentimita 30 hivi. Kwanza hufungwa valvu ya mtungi na valvu za vifaa, kisha maji yanatazamwa kwa dakika kadhaa. Yakisogea, kuna mahali panavuja. Halafu hita huwashwa na maji yanatazamwa tena. Tofauti ikianguka hadi sentimita 20, regulata ni ndogo au bomba ni jembamba. Soma maandishi kwenye regulata: kwa hita pamoja na jiko tafuta iliyoandikwa kilo 1.5 kwa saa au zaidi. Fundi anayewasha kiberiti kutafuta mvujo mfukuze. Povu la sabuni linatosha, kwenye kila kiungo, na meno ya viungo yawe yamezungushiwa utepe wa njano wa gesi, si ule mweupe mwepesi wa maji.

Walipokosea ni mahali pa kuitundika. Walitaka kuiweka ndani ya bafu, eti bomba la maji liwe fupi. Hapo nilikataa. Hita ikiwaka kwenye chumba kidogo kilichofungwa humaliza hewa, moto haukamiliki, na gesi ya sumu, kaboni monoksidi, inatoka. Haina rangi wala harufu. Ile harufu kali ya gesi ya mtungi hutiwa makusudi ili mvujo ujulikane, lakini moshi huu hauna cha kuutambulisha. Anayeoga anasikia kichwa kizito, miguu inalegea, anaanguka. Kabale shida ni kubwa kidogo, maana hewa ya mwinuko huu ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Moto ukiwa wa njano au masizi yakionekana juu ya hita, izime hadi kichomeo kisafishwe.

Ikatundikwa ukuta wa nje chini ya paa, na bomba la moshi likapanda wima kabla ya kukunja. Kona zikizidi, moshi hurudi. Mtungi nao ulikaa nje, wima, mbali na mtaro na shimo la maji machafu: gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutiririka na kujikusanya pa chini. Ndiyo sababu kengele ya gesi hufungwa sentimita 30 kutoka sakafuni, ile ya kaboni monoksidi usawa wa kichwa au juu zaidi. Mpira wa gesi una tarehe iliyopigwa chapa. Usiuvushe miaka mitano, hata ukiwa unang'aa.

Ikizimika mtu akiwa anaoga, anza na betri. Kisha fungua chujio dogo kwenye mlango wa maji baridi, kwani tope la tangi huziba pale. Halafu angalia urefu: tangi la maji liwe angalau mita 2 hadi 3 juu ya hita, la sivyo maji hayasukumi kiwambo kinachofungua gesi. Mtungi unaokaribia kuisha ndio wa mwisho kushukiwa, ingawa watu huukimbilia wa kwanza.

Ile nyota niliyoinyima: risiti yao haikutaja usafishaji wa kichomeo na bomba la moshi wa kila mwaka, na walipoulizwa walisema ni malipo mengine. Uliza hilo kabla hawajatoboa ukuta, na likubaliwe kwa maandishi pamoja na vipimo vya presha walivyopata siku hiyo.