Apu ya kukutuliza usome, yenyewe ndo inakukatisha

Wadau naomba niandike kabla hasira hazijapoa. Kuna apu moja ya kuhesabu muda wa kusoma, jina naliacha, ile staili ya dakika 25 unapiga kazi bila kugusa simu, 5 unapumzika, ukimaliza raundi nne unajipa mapumziko marefu ya dakika 15 mpaka 30. Mimi najiandaa na mitihani ya uhasibu ya CPA huku niko kazini, jioni ndo muda wangu pekee na simu ndo inanimaliza, kwa hiyo nilipoona hii ukitoka nje yake tu inakufutia raundi, nikasema safi, huyu ndo mwalimu mkali niliyekuwa namtafuta.

Sasa juzi kati niko kwenye kodi, swali la VAT limekolea, hesabu inakaribia kukubali, dakika kama 20 zimeenda, mara paap, tangazo la kubeti kioo kizima, tena na sauti! Kitufe cha kufunga kidogo kama chawa, nakigusa kinanipeleka Play Store. Narudi nakuta imeandikwa "umetoka, raundi imefutwa". Nani katoka?? Nimetolewa!

Huyo Mwitaliano aliyeanzisha hii njia, Francesco Cirillo, alikuwa mwanafunzi tu mwishoni mwa miaka ya 1980, anatumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Na kweli sheria yake ni kwamba raundi ikikatika haihesabiki, unaanza upya, sibishi. Ila ile nyanya haikuwahi kumuuliza kama anataka kuweka mkeka.

Nikawaandikia. Jibu: "Mpendwa mteja, lipia premium ufurahie utulivu." Yaani kelele wapige wao halafu kunyamaza niwalipe mimi? Aisee.

Haya, njia yenyewe inafanya kazi, hilo siwezi kukataa. Nikizima data tangazo haliji, na maswali yanaenda kuliko zamani nilivyokuwa nakesha na kitabu huku nachati. Kengele yake nayo haishtui. Nilishawapa nyota moja, nikarudi nikaongeza zikawa tatu, halafu nikasoma tena ile "mpendwa mteja", nikairudisha moja, na kama ingekuwepo nusu ningewapa nusu. Mnaoitaka pakueni, ila data zimeni kwanza. Taima ya bure kwenye simu ninayo, shida haina ule ukali wa kunifutia, ndo maana hii takataka bado sijaitoa.