Kipima hewa cha mkononi: kinafaa, ila unyevu wa Tanga unakisumbua

Mwanangu ana pumu, ndiyo maana nilikinunua. Kinapima PM2.5, yaani chembe za moshi na vumbi zisizozidi mikromita 2.5, ndogo kiasi cha kupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Nimekitundika barazani kwetu Ngamiani, mvua isipofika.

Mchana, upepo wa bahari ukivuma, namba hushuka. Jioni majiko ya mkaa yakiwashwa na mtu akichoma taka uani, hupita 80. Shirika la Afya Duniani, tangu 2021, linashauri wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo. Basi madirisha nayafunga mapema. Bi mkubwa wa nyumba ya pili nilimwonyesha namba kwenye kioo cha kipima hiki, akaacha kuchoma plastiki. Hilo peke yake limenirudishia pesa yangu.

Kasoro ipo: kinahesabu chembe kwa mwanga wa leza, hivyo alfajiri yenye ukungu matone ya maji nayo huhesabiwa kama vumbi. Gesi za magari hakizioni kabisa. Betri pia haifiki asubuhi. Mwenye mgonjwa wa kifua nyumbani anunue, na achaji kabla ya magharibi.