Canon G7 X Mark II au Olympus TG-6: kamera ndogo ipi ununue ukiwa Mtwara au Lindi

Kwa anayeishi Mtwara, Mikindani, Lindi au Kilwa na anataka kamera moja ndogo ya kila siku, chaguo letu la kwanza ni Olympus Tough TG-6. La pili ni Canon PowerShot G7 X Mark II. Wauzaji wengi watakwambia kinyume, na kwa ubora wa picha peke yake hawakosei: Canon inatoa picha nzuri zaidi, usiku ndiyo kabisa. Ila pwani hii kamera nyingi hazifi kwa uzee. Zinakufa kwa mchanga, chumvi na ukungu, na hapo TG-6 inaiacha Canon mbali.

Kama picha zako nyingi ni za ukumbini, yaani harusi, vipaimara, mahafali, basi geuza mpangilio: Canon kwanza. Hali kadhalika kwa aliyeko Newala au Masasi, mbali na bahari, ambaye vumbi ndilo adui wake pekee na anaweza kujikinga nalo.

Zote mbili si matoleo mapya. Canon ilitoka 2016, ikafuatiwa na Mark III mwaka 2019. TG-6 ilitoka 2019, ikafuatiwa na TG-7 mwaka 2023, ambayo kimsingi ni kamera ileile yenye tundu jipya la chaji, la USB-C. Ukiikuta TG-7 kwa tofauti ndogo ya bei, chukua hiyo. Karibu kila tunachosema hapa juu ya TG-6 kinaihusu, ukiacha bei na chaji.

Mwanga hafifu

Kihisi cha Canon, ile sehemu inayopokea mwanga, kina milimita 13.2 kwa 8.8. Cha TG-6 ni kama 6.2 kwa 4.6. Kwa eneo, cha Canon ni kikubwa mara nne. Usidanganywe na megapikseli, 20 kwa Canon na 12 kwa TG-6, maana picha ya kusafisha ya sentimita 10 kwa 15 haihitaji zaidi ya megapikseli 2 na kidogo, na ya A4 haifiki 9. Zote zinatosha. Kinachoonekana kwa macho ni chenga, zile punje zinazojaa kwenye picha ya gizani, na kihisi kidogo ndicho kinachozizalisha.

Lenzi nayo inaongeza pengo. Zote zinavuta hadi milimita 100 kwa kipimo cha kamera za filamu, Canon ikianzia 24 na TG-6 ikianzia 25. Zikiwa hazijavutwa, tundu la Canon linafunguka hadi f/1.8 na la TG-6 hadi f/2.0 (namba ndogo ni tundu kubwa), tofauti isiyo na maana. Vuta mpaka mwisho uone: Canon inabaki f/2.8, TG-6 inashuka hadi f/4.9. Hapo Canon inaingiza mwanga mara tatu zaidi.

Chukua ukumbi wenye taa za rangi, bibi harusi anakata keki na wewe umekaa meza ya tatu. Kwa kasi ya 1/125 ya sekunde, pale Canon inapotumia ISO (kiwango cha kukuza mwanga) ya 1600, TG-6 itahitaji ISO 5000 hivi, na kwa kihisi chake kidogo uso utalainika kama uliopakwa rangi huku pindo za gauni zikipotea. Mwenye TG-6 asivute zumu usiku. Aache lenzi ikiwa pana, asogee hadi mita mbili au tatu, awashe flashi. Akifanya hivyo atapata picha ya albamu bila shida.

Kwa ngoma ni vigumu zaidi kwa sababu watu hawatulii. Sindimba ikikolea, 1/125 inaacha kiuno kimefifia. Unahitaji 1/250 au zaidi, na usiku kasi hiyo ni ya Canon tu. (Ngoma ya hadharani piga, lakini omba kwanza. Ya jandoni na unyagoni mengi si ya kamera, hata ukiwa ndugu wa damu.)

Mchana mambo yanakaribiana sana, na kosa linaloharibu picha huwa la mpigaji. Kamera yoyote inajaribu kuifanya picha iwe na mwanga wa wastani. Ukimpiga mtu mweusi akiwa na bahari inayong'aa nyuma, kamera inapunguza mwanga na sura inabaki kivuli; ongeza mwanga kwa +0.7 hadi +1 kwenye kipimo cha kamera, au washa flashi hata kama jua ni kali. Kundi la wanaume wenye kanzu nyeupe nalo litatoka la kijivu usipoongeza. Kinyago cha mpingo kikijaza picha nzima kitatoka cha kijivujivu pia, ila hapo unapunguza, -1 hivi. Canon ina gurudumu la kazi hii juu ya mwili, unalizungusha kwa kidole gumba bila kuingia kwenye menyu. Hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosikika, na TG-6 haina gurudumu la kazi hii peke yake.

Kioo cha Canon kinaguswa, kinainuka hadi kutazama mbele na kinashuka nyuzi 45. Cha TG-6 kimeganda na hakiguswi. Wanaojipiga wenyewe wataona tofauti siku ya kwanza.

Bahari, mchanga, vumbi la shamba

Lenzi ya Canon inatoka nje ukiiwasha na kurudi ndani ukiizima. Kila inapotoka inavuta hewa ndani ya mwili, na hewa ya ufukweni wakati wa kusi imebeba mchanga laini. Punje moja ikiingia kati ya mirija ya lenzi, utasikia mkwaruzo, kisha kioo kitaandika kwamba kuna hitilafu ya lenzi na kamera itajizima. Vumbi jepesi zaidi linapita mpaka kwenye kihisi, likakaa kama doa lilelile mahali palepale katika kila picha yenye anga. Lenzi haichomoki, hivyo doa haliondoki mpaka fundi afungue kamera nzima. Anayeikamata vizuri kazi hiyo si rahisi kumpata huku kusini.

Lenzi ya TG-6 haitoki. Inavutika ndani kwa ndani, nyuma ya kioo cha tabaka mbili. Mwili wake umefungwa dhidi ya vumbi, unahimili maji ya kina cha mita 15, kuanguka kutoka mita 2.1 na kukandamizwa kwa kilo 100. Ukiwa Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, unaingia nayo majini kama ilivyo. Ina modi maalumu za chini ya maji. Zitumie, kwa sababu maji yanameza rangi nyekundu na ukiiacha kwenye modi ya kawaida kila kitu kitakuwa bluu. Samaki msogelee mpaka umbali usiofika mita moja. Maji yaliyo kati yenu ndiyo yanayofifisha picha.

Kuna kazi nyingine ambayo TG-6 haina mpinzani kwa ukubwa wake, nayo ni vitu vidogo. Modi yake ya hadubini inashika sentimita 1 kutoka kwenye lenzi, wakati Canon inaishia sentimita 5. Kwa afisa kilimo au mkulima wa korosho anayetaka kuonyesha ubwiri unga ulivyoshika maua, au mdudu aliyetoboa chipukizi, picha inatoka wazi kiasi cha mtaalamu aliye mbali kutoa ushauri. Kwa karibu hivyo kamera inajizibia mwanga. Kipo kipete cha kuelekeza mwanga, LG-1, kinachovalishwa mbele ya lenzi, na kwa mtu wa kazi hii ni cha lazima.

Kuzuia maji kwa TG-6 kunategemea raba za milango miwili, wa betri na wa nyaya. Unywele mmoja au punje ya mchanga juu ya raba inatosha kupitisha maji. Mtengenezaji anashauri raba zibadilishwe kila mwaka, na si kazi ya kujifanyia mezani. Kwa hiyo TG-6 ya mtumba isiyojulikana historia yake ichukulie kuwa ya mvua, mashua na maji ya kiunoni, hata kama kwenye mwili imeandikwa mita 15. Iliyopasuka au kubonyea pembeni usiizamishe kabisa. Na usiitoe kwenye gari lililoanikwa juani ukaitumbukiza moja kwa moja: hewa ya moto ndani inasinyaa ghafla, inafyonza maji pale raba ilipolegea, au lenzi inajaa mvuke. Iache kivulini ipoe kwanza.

Ukitoka baharini, iloweke kwenye ndoo ya maji baridi yasiyo na chumvi dakika kadhaa, milango ikiwa imefungwa, bonyezabonyeza vitufe chumvi itoke, kisha ifute na kuianika kivulini. Milango usiifungue mpaka mwili na mikono vikauke.

Kuikagua kabla ya kulipa

Bei tunaipimia kwa ile ya mwanzo: zilipotoka, nchini Marekani Canon iliuzwa dola 700, TG-6 dola 450. Miaka ya karibuni kamera ndogo zimekuwa fasheni mitandaoni na G7 X ndiyo iliyopandishwa zaidi, hata iliyochoka inaombewa hela ya mpya. Ukiona bei ya Canon ya mtumba inavuka ile ya mwanzo, unalipia fasheni. Iache.

Nenda na kadi yako na betri iliyochajiwa. Kwa Canon, iwashe na kuizima mara kumi ukiisikiliza sehemu tulivu, si katikati ya soko. Sauti iwe moja kila mara, bila kukwama wala kukwaruza. Vuta zumu hadi mwisho, rudisha. Weka modi ya Av, ile ya kuchagua tundu mwenyewe, kwenye f/11, piga anga tupu au ukuta mweupe, kisha kuza picha na uipitie kona hadi kona kutafuta madoa. Mulika lenzi kwa tochi ya simu kutoka pembeni: ukiona kitu kama utando wa buibui, ni kuvu, na kuvu ya ndani hairudi nyuma. Inua na kushusha kioo ukitazama kama picha inakatika kwenye bawaba, maana waya wa hapo unachakaa. Inua flashi, piga.

Kwa TG-6 fungua milango yote miwili utafute ukijani au weupe kwenye shaba za betri na nyaya. Ukiuona, maji ya chumvi yalishaingia, hata kama inawaka vizuri leo, usinunue. Angalia ukungu ndani ya kioo cha mbele. Muuzaji akikubali, toa betri na kadi, weka tishu kavu mahali pa betri, funga, izamishe kwenye beseni dakika kumi. Ifute vizuri, fungua, tazama tishu. Muuzaji anayesema kamera inahimili maji lakini anakataa beseni amekupa jibu.

Kamera mpya zisizo na jina linalojulikana, zilizoandikwa megapikseli 48 na 4K kwa bei ya simu ya kawaida, hazimo kwenye orodha yetu. Megapikseli hizo ni za kutanuliwa na programu, na nyingi hazina hata zumu ya kweli ya lenzi.

Ikiwa inatoka Kariakoo kwa basi, omba video fupi ikionyesha majaribio hayo pamoja na namba iliyo chini ya kamera, kisha ulinganishe namba hiyo mzigo ukifika kabla hujamalizia malipo.

Betri na kadi

Kwa kipimo cha viwandani Canon inapiga picha 265 kwa chaji moja na TG-6 340. Betri ya Canon ni NB-13L, inayotumika kwenye kamera zake nyingine kadhaa, hivyo hupatikana kirahisi; ya TG-6 ni LI-92B. Nunua ya pili kwa yoyote kati yao. Feki hujulikana kwa kuvimba: ikianza kubana mlangoni, itoe siku hiyo hiyo. Zote zinachajiwa kwa waya wa micro USB kamera ikiwa imezimwa, kwa hiyo pawabenki inatosha safarini.

Kadi ya GB 32 inabeba picha kama elfu nne za Canon. Kwa video ya 4K, ambayo TG-6 inayo na Canon haina, chukua yenye alama ya U3, inayoonyesha kadi ya kuandika kwa kasi. Kadi bandia ni nyingi mno; ijaze yote kwa programu ya H2testw kwenye kompyuta kabla ya kuiamini na harusi ya mtu.

Ukichukua Canon na bado unaishi jirani na bahari, ibebe kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga kwa zipu, usiiwashe ufukweni upepo ukivuma, na kuanzia mvua za Desemba hadi Aprili ihifadhi kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vipakiti vya kufyonza unyevu, si kwenye mkoba wa ngozi, maana ngozi inatunza unyevu na kuvu inaanzia hapo. Itoe walau mara moja kwa wiki, piga picha chache dirishani penye mwanga, uirudishe.